Mwanamke Mkavu Katika Mvua ya Kindu

Cheka kwanza, umalize, ndipo nianze. Nyumbani kwangu Mikelenge, hapa Kindu, wamecheka mpaka wamechoka, na kisa kimebaki palepale. Hakikutoka kwenye pombe, maana sinywi. Hakikutoka ndotoni, maana mke wangu anasema nikilala hata ndoto huogopa kuniamsha. Nililiona jambo hili kwa macho haya, mchana, mvua ikinyesha.

Mimi ni mtu wa kiti. Vita vilinitoa kitini nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza sekondari, vikanitembeza katika misitu ya Maniema. Viliponirudisha niliapa kwamba safari yangu ndefu itakuwa ya kutoka mlangoni hadi jikoni. Basi waliposema kuna mafunzo ya askari wa zamani pale Kasuku, kazi ya kutunza vitu vya kale vilivyochimbuliwa ardhini, niliuliza swali moja tu: "Ni kazi ya kukaa?" Wakasema ya kukaa. Nikaenda.

Kweli tulikaa. Mikono iliyozoea bunduki ikafundishwa kushika brashi laini, kupangusa vigae vya vyungu na kuvilaza kwenye katoni zenye pamba kama watoto wachanga. Madame aliyetufundisha alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi: chochote mnachokibandika, kiweze kubanduliwa. Tulimcheka chinichini. Jeshini ulibandika ili kisibanduke!

Jirani yangu mezani alikuwa Saidi, kaporali wangu wa zamani. Tulilalia tope moja vita vyote. Hofu kubwa ya Saidi maishani haikuwa risasi, ilikuwa ukaguzi. Mkuu yuko njiani na ndoo imetoboka? Ziba haraka. Sasa Madame akaenda Kinshasa kuwaleta wageni waliotaka kuitazama depo yetu, yaani ghala la vitu hivyo, akatuachia kazi ya kupangusa tu. Saidi akaona kwenye rafu chungu kikubwa, kizima, kizuri, chenye tundu katikati ya kitako.

"Wageni wanakuja, na chungu iko na tundu?" akasema. "Kamarade, hii njo aibu."

Akakoroga plasta, akaziba, akapaka rangi ya udongo. Kazi safi, hata ungekitia maji kingeshika. Mkuu wa depo alimpiga bega akatangaza kuwa hicho ndicho wageni wataonyeshwa kwanza. Hata mimi nilisifu, nikiwa nimekaa.

Kesho yake Saidi alianza kunywa maji. Alimaliza bidoni, dumu zima la pale mezani, akaenda bombani, akarudi na midomo iliyopasuka kama udongo wa kiangazi. Hospitalini walimpima sukari, hawakuona kitu. Wakamtundikia serumu, serumu ikawa inaisha na ngozi yake inazidi kukauka. Nilipokwenda kumwona alininong'oneza, "Kamarade, nitakufa na kiu, na mto Lualaba iko pale." Unafikiri nilipata usingizi? Mimi, bingwa wa usingizi?

Hali yake ikazidi kuwa mbaya. Alasiri moja, wageni wakiwa wanangojwa kesho yake, mvua ikakusanyika. Wenzangu wakakimbilia makwao. Mimi nilibaki depo, si kwa bidii, bali kwa uvivu wa kutembea matopeni. Bati lilipiga kelele hata sikusikia mlango. Nilipoinua kichwa, mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama mbele ya meza yangu.

Niamini: alikuwa mkavu. Nje maji yanamwagika kama yamefunguliwa, na yeye kitambaa chake hakina hata tone. Miguuni ana vumbi.

"Unipatie maji, mwanangu. Niko na kiu."

Nikamjazia kikombe. Akanywa. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Akakirudisha mezani, kimejaa vilevile. Aliniangalia bila hasira, kama mtu aliyechoka kueleza.

"Unaona? Haifike," akasema. "Mvua yote hii, haifike. Ndugu yako alinifungia njia. Na yeye sasa, njia ile iko inamufungia."

Njia gani? Akaelekeza macho kwenye rafu, nami mjinga nikageuka kutazama. Niliporudisha shingo hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo za vumbi sakafuni, kavu, na bati letu linavuja kila upande.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wakati wa vita, upande wa Tunda, tulimzika mwenzetu kando ya njia. Hatukuwa na msalaba wala ubao. Tukaweka juu ya kaburi gameli yake, ile sahani ya bati ya jeshi, na Saidi mwenyewe akaitoboa kitako kwa kisu cha bunduki. Kwetu chungu cha kaburi hutobolewa hivyo, ili maji yanayomwagwa yamfikie aliye chini. Saidi yuleyule! Hofu ya ukaguzi ilimsahaulisha kazi ya mkono wake.

Sasa nifanye nini? Mkuu alishaapa: atakayekigusa chungu kile atafukuzwa bila breve, cheti cha mafunzo. Na breve ndiyo niliyomwahidi mke wangu ili aache kuniita kabati. Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Lakini kiti chote kilikuwa kinanong'ona kwa sauti ya Saidi. Nikachukua kisu kidogo na maji ya uvuguvugu, nikailainisha plasta kama Madame alivyotufundisha, polepole, bila kuukwaruza udongo wenyewe. Kizibo kikatoka kizima. Nikakishika chungu juu ya beseni, nikamimina ndani yake kile kikombe alichokiacha mama. Maji yakapita kwenye tundu, niliyaona yakipita. Beseni likabaki kavu.

Nilikimbia matopeni, ndiyo, mimi, hadi hospitalini. Nikamkuta Saidi ameketi kitandani, kidevu kimelowa. Mkewe alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Amekunywa nusu kikombe, shemeji," akaniambia. "Akasema imetosha."

Kesho yake mkuu alinifukuza mbele ya wageni. Madame alikikagua kitako kwa muda mrefu, akasema tu kwamba nimebandua vizuri, na chungu kikaonyeshwa na tundu lake. Breve sikupata. Saidi alipata, yule aliyeziba! Ndiyo dunia.

Ila kiti changu nacho kimenikataa. Mvua ikianza, nazunguka nyumba, nachungulia mlangoni, narudi, nachungulia tena. "Baba Zaina," mke wangu ananiambia, "ulikuwa kabati, sasa umekuwa kuku anayetafuta pa kutagia." Na kila kiangazi kinapoisha mimi na Saidi tunapanda pikipiki kwenda upande wa Tunda kutoa mizizi na udongo kwenye tundu la ile gameli. Barabara ile inaniua mgongo. Naenda.

Basi wewe ukikuta kitu cha wazee kina tundu, usikimbilie plasta. Uliza kwanza ni tundu la nani. Na mtu mkavu akikutokea katikati ya mvua, mpe maji, kisha usimwondolee macho hata akikuonyesha kitu. Mimi niligeuka. Hadi leo sijui kama alikuwa amemaliza kusema.