Aliyekunywa Maji ya Kioo

Usiniambie ni malaria. Watu wananiambia hivyo kila mara, na nimechoka. Sikuwa na homa, sikuwa nimelewa, na jua lilikuwa juu kabisa.

Ilikuwa wakati wa vita, waasi wameshika eneo letu, na mimi nilikuwa dereva na mekanisie, fundi wa gari, wa Papa Kasereka, muuza mafuta ya mawese. Butembo–Beni, Beni–Butembo, kwa jeep yake kuukuu. Mvua ikinyesha, tope la njia ile linapaka kioo chote cha mbele. Na usipoiona mapema kamba ya barrière, kizuizi cha njiani, askari hawaulizi, wanapiga. Kwa hiyo lave-glace, yale maji yanayorushwa kwenye kioo, kwangu yalikuwa uhai.

Siku moja lave-glace ikaharibika. Nikabadilisha pompi. Nikazibua vitundu kwa sindano ya mke wangu. Nikabadilisha mupira wote wa kupitisha maji, kutoka kwenye kopo la maji mpaka mbele. Kwenye parcelle ya patron, uani kwa Papa Kasereka, maji yaliruka vizuri, hata yakamlowesha shati. Nikifika mtelemko wa Kabasha, nabofya kitufe: kavu! Nafungua kapo, kifuniko cha injini: kopo tupu. Hakuna ufa, hakuna tone chini. Safari nne! Patron akasema, "We ni mekanisie ao muchezaji?" Niambie, ungevumilia?

Safari ya tano nilisimamisha gari palepale Kabasha, nikafungua kapo nikitukana peke yangu. Kopo kavu. Nikasikia nyuma yangu: "Papa, unipatie maji."

Mama mmoja, mgongoni kabeba mtoto aliyefunikwa kitenge.

"Mama, hapana maji ya kunywa hapa. Ile naweka humu ni ya sabuni, ya kusafisha kioo."

"Najua," akasema, bila hasira. "Ile ya juzi ilikuwa na sabuni mingi."

Amini usiamini, nilicheka kwanza. Kisha nikaangalia miguu yake. Mimi nilikuwa nimezama kwenye tope hadi vifundoni. Miguu yake ilikuwa mikavu, ina vumbi la kiangazi.

Nikachukua bidon yangu ya maji ya kunywa, lita tano, nikampa. Akanywa bila kupumua. Kwa matone ya mwisho alilowesha kidole, akakipitisha nyuma, chini ya kitenge. Sikuuliza. "Wasingya," akasema, asante ya kwetu, na pale aliposimama pakabaki njia tu.

Nilipofika Beni nilimsimulia mama muuza chai. Akaacha kukoroga.

"Si ni ule mama mwenye alikimbia vita na mutoto, kiangazi yenye ilipita? Alisimamisha magari yote Kabasha. Hapana mutu alimupatia maji. Walikufa na kiu palepale, yeye na mutoto."

Magari yote. Kiangazi kile nami nilipita Kabasha. Mwanamke alinipungia mkono, nikapandisha kioo. Sura yake sikuiangalia. Ndiyo maana sikumjua.

Tangu siku ile lave-glace haijapungua tone. Na hili ndilo linaniudhi: Papa Kasereka anafikiri niliitengeneza mimi, akawaambia wafanyabiashara wenzake wote. Miaka imepita, vita vimebadilisha majina, na bado wananiletea magari yenye kopo kavu. Natengeneza, ni kazi yangu. Lakini wewe ukija, usianze kunieleza habari za pompi. Nitakuuliza kwanza ni nani aliyekuomba maji njiani ukampita. Kama yupo, funga kapo, rudi ukampe.