Mkutano wa Madungu

Wilhelmina Komba alifika Nyakipande, kijiji cha wakulima wa mpunga jirani na Mohoro, akiwa mtendaji mpya wa kijiji, na koti la baridi alilotoka nalo Mbinga. Joto la Rufiji lilimvua koti siku ileile. Ujuaji wa ofisini ulichukua muda kidogo kumtoka.

Ulikuwa msimu wa kuandaa bajeti. Alibandika tangazo la mkutano mkuu mlangoni, akapanga mabenchi, akaketi kungoja. Walitokea mbuzi wawili, na Mwajabu, mjumbe wa serikali ya kijiji, ambaye naye alikuwa amerudi nyumbani kufuata chumvi tu. Mwajabu aliyatazama yale mabenchi matupu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Mtendaji, watu umewaitia wapi? Mbegu zishamwagwa! Kijiji kizima kipo bondeni, kwenye madungu. Akishuka mtu, ndege wanafukua shamba lote."

Na kweli. Mrufiji akishapanda mpunga hukihama kijiji, akaishi na wanawe kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, alinde shamba na akwepe maji yakija. Sheria inataka bajeti ipitishwe na wananchi mkutanoni, lakini aliyeipanga kalenda ya serikali hajapata kulala dunguni hata mara moja.

Kesho yake Wilhelmina alivua viatu, akapanda mtumbwi wa Mwajabu, na mkutano ukafanyika hukohuko. Alipaza swali kutoka dungu la katikati, dungu la jirani likalipokea na kulirushia la mbali, na jibu likarudi kwa njia ileile. Katikati ya hoja nzito mtu alikatiza kupiga makopo kufukuza ndege, kisha akaendelea pale alipoachia. Walibishana mchana kutwa, wakakubaliana jambo moja: zahanati.

Enzi hizo zilikuwa tamu, tusidanganyane. Fedha ya serikali ilikuwa kiduchu, lakini uliiona. Watu walifyatua matofali, halmashauri ikaleta mabati na muuguzi, na kila mtu akaweza kunyoosha kidole na kusema, kodi yangu ile pale. Wilhelmina aliikumbuka siku ya kupaua zahanati kuliko alivyoikumbuka harusi yake, jambo ambalo marehemu mumewe hakulipenda.

Kisha bajeti ikaanza kunenepa. Kila mwaka ilizidi ya mwaka uliopita, na kila mwaka ikapitishwa kwa makofi. Zikaja semina, mafuta ya magari, vikao vya kupanga vikao na posho zake. Ukaja na mfumo wa kompyuta, ambao haumsubiri mtu aliye kwenye mtumbwi. Mpango wa mwaka jana ukawa unanakiliwa na kuongezewa asilimia kidogo. Mkutano wa madungu ukafa, na hapakuwa na matanga.

Kitu walichokiomba watu miaka yote hiyo hakikuja: daraja la kijito kinachotenganisha bonde na zahanati. Maji yakijaa, mjamzito aliye dunguni haifikii zahanati iliyojengwa kwa mikono ya ndugu zake. Mkwe wa Mwajabu alifia pale ukingoni pamoja na kichanga chake, paa la zahanati wakiliona. Tangu hapo Mwajabu alipita mbele ya ofisi bila kubisha hodi, na Wilhelmina alimkosa shoga yake kila siku aliyoamka.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, Wilhelmina aliapa kuwa daraja litaingia. Stephano, mchumi wa wilayani, alimpigia simu kwa adabu zote.

"Shikamoo mama. Usijisumbue. Chukua ya mwaka jana, badili tarehe, asilimia nitaongeza mwenyewe."

"Marahaba. Mwaka jana hatukuwauliza watu, baba."

"Mama, mfumo unafungwa Ijumaa."

"Basi mie naenda bondeni leo."

Mwajabu alimtazama kutoka juu ya dungu lake, mvi zimemjaa. "Umefuata saini?"

"Nimekuja kuitisha mkutano."

Mwajabu aliweka kando makopo yake. Halafu akainuka, akaweka viganja mdomoni. "Mtendaji anauliza tunataka nini!" Dungu la jirani likapokea, na la pili, na la mbali. Jibu lilirudi kutoka bonde zima likiwa neno moja, daraja, na Wilhelmina akalia mbele za watu kwa furaha.

Bajeti ilipita, kubwa kuliko zote. Daraja limo, chini kabisa: upembuzi yakinifu wa daraja. Maana yake wataalamu watakuja kuchunguza kama linahitajika.

"Waje wachunguze kama maji yanalowesha?" Mwajabu aliuliza, na safari hii hakucheka.

Wilhelmina alistaafu. Wanawe walimwita Mbinga, hakwenda. Kiangazi, kijito kilipopungua, yeye na Mwajabu waliitisha msaragambo, kazi ya kijiji kizima, walijenge daraja wenyewe. Wanaume walikokota magogo, wanawake wakapika wali na kambale, zikaimbwa nyimbo za kazi ambazo vijana ilibidi wafundishwe. Kwa siku zile chache Wilhelmina alijihisi ndiye yule mgeni aliyevua viatu. Daraja lilitoka limepinda mgongo, lakini mvua zilipoanza, Yasmin, mjukuu wa Mwajabu, alilivuka na uchungu wake, akajifungua salama zahanati.

Masika wataalamu wakafika, Stephano akiwaongoza. Walivuka juu ya lile daraja, wakasimama ng'ambo, wakaanza kupima mahali panapofaa kujengwa daraja.

Stephano alipowaona wale wanawake wawili wamekaa ukingoni, aliona haya, akasogea.

"Mama, nikiandika kwamba lipo, fungu linafutwa na hatulipati tena."

"Na ukiandika halipo?" Wilhelmina aliuliza.

"Mwakani linaongezwa. La upembuzi."

Wilhelmina alikitazama kijito kilivyofurika, kikimfika mtu kifuani. Mwajabu ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa.

"Andika halipo, mwanangu. Ila wakati wa kurudi, piteni majini."