Hakuna Kafara Kwenye Boti Yangu

Baba yangu ni mzee wa kanisa, na boti yake ya aluminiamu iliombewa ufukweni mwa Ziwa Basotu mpaka uji wa wageni ukapoa. Kuogelea hajui. Sisi ni watu wa mahindi na ng'ombe. Maji tunayoyajua ni ya kwenye ndoo.

Ndani ya boti aliweka friji ya samaki. Kila boti ikiegeshwa, aliiunganisha friji kwa waya mrefu na umeme wa kibanda cha jirani. Jirani naye alikuwa na pampu ya chuma iliyotumia umeme huohuo, mabomba yake yamezama ziwani. Fundi kutoka Katesh alipoona hayo akaguna. Alieleza kwamba waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, umeifunga boti na pampu pamoja, maji yanakamilisha mzunguko, na metali iliyo dhaifu ndiyo inayoliwa. Akakaza kipande cha magnesiamu chini ya boti. Hiki ni kafara, alisema, kitaliwa chenyewe ili boti ibaki nzima.

Baba alisikia neno moja tu.

"Kwenye boti yangu hakuna kafara," alisema. "Damu ilishamwagika mara moja, inatosha."

Akakifungua, akamrudishia fundi kikiwa kwenye gazeti kama nyama ya buchani. Fundi akamshauri basi awe anachomoa umeme. Lakini samaki wangeoza, na maombi hayagandishi perege.

Boti ikaota vidoa vyeupe, vidoa vikawa vishimo. Siku moja tulimwona baba katikati ya ziwa akichota maji botini kwa sufuria. Niliogopa sana. Alifika nchi kavu amelowa hadi kiunoni, midomo inatetemeka, na hapo ndipo nilipothubutu kucheka.

Fundi akaitwa tena. Boti ikapinduliwa, ikazibwa, na kile kipande kikatolewa tena kwenye gazeti lake. Baba akaanza upya mahubiri yake ya kafara. Mama alikuwa pembeni akibanika samaki wa mnada, kazi iliyomwachia macho mekundu na vidole vilivyopasuka.

"Baba watoto," alisema taratibu, "nyumba hii ina kafara miaka yote. Mbona mimi hujawahi kunifungua?"

Fundi akajifanya anatafuta skrubu mchangani. Baba akachukua bisibisi, akakikaza kile kipande mwenyewe. Kisha akaenda kwenye moshi, akamwambia mama akae, akageuza samaki yeye, akawaunguza karibu wote.