Maji ya Bomba la Same na Uso Wangu

Ndugu zangu, hili nalisimulia nikiwa nimeziba uso kwa viganja, maana uso wenyewe ndio ulioniaibisha. Nilikuwa namalizia masomo ya jioni pale Same, mchana nauza tangawizi ya kijiji cha Mamba, na benchi la mbele yangu alikaa Nakundwa wa Chome, msichana ambaye akicheka hata feni iliyoharibika inazunguka (naapa niliiona). Jumamosi ya praktikali ya mwisho ya kemia niliapa kumwambia moyo wangu kabla hajapanda gari la kurudi kwao, kwa sababu baada ya hapo hana tena shida ya kushuka mjini.

Kazi ilikuwa rahisi: unachemsha sampuli na soda kali, unatia asidi, kisha matone ya silva naitreti, kama ndani kuna klorini, ile iliyomo kwenye chumvi, unapata mashapo meupe, kama ni iodini ya njano. Mwalimu alisisitiza tusuuze tyubu kwa maji ya betri, yasiyo na chumvi, lakini foleni ya maji hayo ilikuwa ndefu kama ya harusi, nami nikataka kuonekana mwanamume wa vitendo.

"Lete na zako, dada, nikusuuzie."

"Kaka Mbonea, asante jamani!"

Nikakimbia bombani nikazisuuza zote, za kwangu na zake, nikaziacha na maji kidogo kwa mbwembwe. Tukatia dawa ile ya silva. Lo! Zikawa nyeupe pepepe, kama mtindi, wakati darasa zima lina njano. Mwalimu akachota maji ya bomba matupu, akadondoshea dawa ileile: meupe vilevile.

"Mbonea, umepima chumvi ya Same!"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Nakundwa hakucheka, alianza upya, nami jasho likinitoka nikalifuta na vidole vilevile vilivyolowa dawa.

Alipomaliza (ya njano, safi kabisa), gari lilishapiga honi. Nikamfuata mbio juani na maneno yangu yote kinywani, na watu wa stendi wakaanza kunyoosha vidole, kwa kuwa dawa ile ikipigwa na jua hugeuka nyeusi, na paji langu lote lilikuwa na michirizi kama pundamilia. Nikasahau kila neno.

Nakundwa akachungulia dirishani, ndipo akacheka, akanipa chupa yake ya maji.

"Nawa na haya, kaka. Ya kwetu hayana chumvi."

"Nakundwa, mimi..."

Gari likaondoka.

Michirizi ilikaa wiki nzima, na ilipofutika, niamini, niliililia. Sasa silisogelei bomba nikishika tyubu, na neno la moyoni silingojeshi tena hadi honi ilie. Chupa ipo dirishani kwangu, upande unaotazama milima ya Chome. Sijanawa nayo. Ikipata jua la asubuhi, naona bado imejaa.