Kreti Mbili za Machungwa Kutoka Mwamgongo

Sikwenda Mwamgongo kutembea, nilikwenda kufuta aibu. Msimu uliopita niliyapaka machungwa ya shangazi yangu Zuhura mafuta makali ya mchaichai, niliyoyakamua mwenyewe kwa mvuke hapa Ujiji, nikajigamba kwamba hayataota ukungu. Kweli hayakuota, lakini maganda yaliungua yakajaa madoa meusi, na wanunuzi wakayakimbia. Safari hii shangazi alinitumia ujumbe: mzigo ukiharibika tena, anakata michungwa yote, anapanda mihogo.

Alhamisi asubuhi nilipanda boti Kibirizi kuelekea kaskazini, chupa yangu ya mafuta hayo nimeipakata. Mama mmoja aliyekaa juu ya magunia ya chumvi akauliza nani anapika chai humu. Tuliipita misitu ya Gombe, na alasiri nikashuka Mwamgongo.

Shangazi alinilisha ugali na samaki wa migebuka hadi nikashiba, ila kando ya mlango niliona shoka. Nikamuuliza ni la nani.

"La jirani," akasema. "Nimeliazima mapema, nisije nikaghairi."

Kesho yake tulichuma. Akina mama wa pale huyaosha machungwa ziwani yapate kung'aa, kisha huyapakia yangali na maji. Nilimsihi tuyaache makavu, akakataa katakata. Tukagawana: kreti moja yake, moja yangu. Yangu niliyafuta kwa kitambaa, nikapanga katikati yake vizibo vya soda vyenye pamba na matone machache ya mafuta. Mara hii mafuta hayakugusa ganda. Kazi niliiachia harufu. Kila kreti tukaifunika kwa turubai lake.

Jumamosi boti haikuja, injini ilikuwa imekufa. Tulisubiri siku nane, na sifichi, niliogopa. Siku ya tano nilitaka kuchungulia, shangazi akanishika mkono.

"Ukifunua, harufu inatoka. Si ulisema mwenyewe?"

Boti ilikuja usiku wa siku ya nane, na asubuhi ya siku ya tisa tulifika sokoni Ujiji. Tulianza na kreti yake: zaidi ya nusu yalikuwa na ukungu wa kijani, mengine yakibonyea yakishikwa. Shangazi akaisukuma kando. Akaigeukia yangu, akatoa chungwa moja moja mpaka chini kabisa. Hakuna lililooza, wala lenye doa. Akamenya moja, akala taratibu akitafuta ladha ya mchaichai, akalimaliza lote. Nilifurahi. Kabla ya adhuhuri kreti ilikuwa tupu.

Nilichojifunza ni kwamba mwaka jana nilimaliza chupa nzima kwa pupa nikaharibu, na mwaka huu matone ya kujaza vizibo yametosha. Harufu ikifungiwa vizuri na tunda likiwa kavu, ukungu hauna pa kuanzia.

Shangazi alijifunga kitenge upya, akaichukua chupa yenye mafuta yaliyobaki bila kuniomba.

"Niwahishe Kibirizi," akasema. "Shoka la watu limekaa sana kwangu."