Programu Niliyoandika Kukamata Wezi

Virusi viliingia kwenye kompyuta za kiwanda cha juisi nilikokuwa nafanya kazi, pale Eneo la Viwanda Thika, vikafunga faili zote za mauzo. Malori yakakaa uani yakingoja karatasi ambazo hakuna aliyeweza kuzichapisha. Mambo yalipotulia, meneja aliniita. Mtu wa kompyuta nilikuwa peke yangu. Akaniambia niandike programu ya kuzuia jambo hilo lisirudi.

Kazi hiyo niliipenda. Mfumo endeshi wa kompyuta hutangaza karibu kila kinachotendeka ndani yake: programu fulani imeanza, imeanzishwa na nani, imefungua faili gani, inawasiliana na wapi kwenye mtandao. Matangazo hayo hupita kwa kasi, na usipoyadaka kwa wakati yanapotea. Programu yangu iliyadaka na kuyachuja. Faili nyingi zikianza kubadilishwa majina kwa mpigo, nilipata onyo, kwa sababu ndivyo virusi vile vilivyofanya. Kwa hivyo majina ya faili nayo yalidakwa.

Nilipomwonyesha meneja, hakuuliza lolote kuhusu virusi.

"Kwa hivyo hii inaona kila mtu anafungua nini?"

"Inaona, lakini tunatafuta wezi wa nje, si wafanyakazi."

"Nipe pasiwadi. Meneja hawezi kuwa kipofu katika ofisi yake."

Lilikuwa agizo, nikampa.

Karani wa stoo alikuwa mama mmoja mchangamfu kutoka Ngoliba. Tulizoea kula githeri pamoja kwenye kantini, naye hakuwa mtu wa kulalamika. Mikataba ya makarani ilipoongezwa mwaka mwingine, wenzake wote walipata, yeye akaachwa. Alikuja mezani kwangu akavuta kiti.

"Nikuulize kitu. Ulijua nina mimba?"

"Hapana. Hongera."

"Hakuna anayejua. Ni mzee wangu na daktari tu. Hata mamangu sijamwambia, kwa sababu ya ile iliyotoka mwaka juzi. Lakini bosi ameniambia niende nyumbani nikapumzike, eti stoo haina kazi ya mtu wa hali yangu. Alijuaje?"

Nilimuuliza kama aliwahi kufanya jambo lolote la kliniki kwenye kompyuta ya kazini. Akafikiri, akasema ndiyo, aliskani kadi yake ya kliniki ili awatumie watu wa bima, na faili akaiita kadi ya mimba.

Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja bila kubisha mlango.

"Umesoma faili za yule mama wa stoo?"

"Sijasoma faili. Nimeona jina tu. Na kompyuta ni ya kampuni."

"Ile programu ni ya virusi."

"Ni ya usalama. Mtu akienda likizo ya uzazi msimu wa kazi nyingi, hiyo si hatari kwa kampuni?"

Alisema hivyo akiendelea kunywa chai. Hakuona haya hata kidogo, na hilo ndilo lililoniwasha zaidi. Angekana, au hata angeinamisha macho, labda ningepoa. Nilirudi mezani, nikabadilisha pasiwadi, kisha nikaandika upya sehemu ile ya programu. Ikawa inahesabu mabadiliko ya faili na kutupa majina palepale.

Asubuhi iliyofuata meneja aliniamuru niyarudishe majina. Nilikataa.

"Basi tafuta kwingine," alisema.

"Nitatafuta. Lakini kwanza nitaenda na yule mama ofisi ya leba kushtaki."

Tulienda pamoja. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja na ovaroli yake ya kazi, akasimama nyuma yetu. Nilimweleza afisa programu inakusanya nini, kwa nini, na nani alikuwa na pasiwadi. Afisa aliniuliza mara mbili kama nilikuwa tayari kusema hayo mbele ya mwajiri wangu. Nilisema hata leo. Meneja akaitwa, nikayasema akiwa ameketi upande wa pili wa meza akichezea simu.

Mama alirudishiwa mkataba wake, na likizo ya uzazi ndani yake. Alijifungua msichana. Hakuna aliyemwomba msamaha. Habari ambayo alitaka kumpa mamake kwa wakati wake ilikuwa imezunguka kiwanda kizima, na ilimfikia mamake kupitia jirani. Hilo hakuna ofisi iliyoweza kumrudishia.

Mimi niliondoka. Siku hizi nafanya kazi Ruiru, na programu za namna ile bado naandika, maana wezi wapo. Meneja yuko palepale. Majuzi tulikutana supamaketi, akanyoosha mkono akisema, "Niaje, umepotea sana." Nilimwacha na mkono wake hewani, nikaenda kulipia maziwa.