Homa ya Mabati

Anatoli hakuwasha mashine ya kuchomelea kabla ya kunywa maziwa. Yawe ya moto au ya baridi, alisimama mlangoni mwa gari lake, akayanywa kwa mkupuo mmoja, akafuta masharubu kwa mgongo wa mkono, ndipo akavaa kofia ya kukinga uso. Kazi ikiisha alikunywa tena. Katika miaka yake ya Marekani aliacha mengi. Aliacha misa ya kila Jumapili, aliacha kupiga simu nyumbani kila wiki, na ndoa aliiacha, au ndoa ilimwacha yeye. Hilo lilitegemea nani anasimulia. Maziwa hakuyaacha.

Aliyarithi kwa baba yake, fundi wa mageti na madirisha mjini Sumbawanga. Mafundi wa kule waliamini kwamba moshi wa chuma hung'ang'ania kifuani kama masizi kwenye sufuria, na maziwa ndiyo yanayoung'oa. Fundi akishinda anachomelea mabati yenye zinki, jioni humshika homa: hutetemeka, mifupa humuuma, na mdomoni hubaki ladha kama amelamba sarafu. Waliiita homa ya mabati. Hakuna aliyeipeleka hospitali. Mama alichemsha maziwa, baba akanywa, akajifunika blanketi, na asubuhi aliamka mzima, akawatania watoto kwamba alifika kuzimu akakuta foleni ndefu, akaona arudi. Aliyetumwa kununua maziwa hayo alikuwa Benadetha, mdogo wake Anatoli.

Sasa Benadetha alikuwa akiishi Alexandria ya jimbo la Virginia, upande wa magharibi, ghorofa ya nne, na kazi yake ilikuwa kuogesha na kulisha wazee majumbani mwao. Kaka yake aliishi ng'ambo ya mto, Oxon Hill, jimbo la Maryland, ndani ya gari. Lilikuwa gari kubwa la zamani lenye kitanda, jiko na choo, la aina ambayo Wamarekani huzungukia nchi wakishastaafu. Watanzania wa Maryland waliliita nyumba ya matairi. Walipolitaja walicheka kidogo kisha wakanyamaza, maana kila mmoja aliijua kodi yake, na hakuna aliyejiona mbali sana na matairi.

Anatoli alilinunua baada ya kufanya kazi miaka mingi katika maegesho ya chini ya hoteli moja, akipokea funguo za magari ya watu. "Nimekaa ardhini kama fuko," alimwambia Benadetha. "Sasa nataka kazi yenye anga." Kuanzia majira ya kuchipua hadi majani yanapopukutika alizunguka na lile gari kwenye magulio na maonyesho, Virginia, Pennsylvania, hadi Carolina, akiuza ndege na wanyama aliowaunda kwa vyuma chakavu. Kanga alimtoa kwenye spring za kitanda, kenge kwenye mnyororo wa pikipiki, bundi kwenye vijiko. Wateja walimwomba twiga. Twiga Anatoli alimwona mara ya kwanza kwenye bustani ya wanyama ya Washington, akiwa mtu mzima, akasimama katikati ya watoto wa shule akashangaa pamoja nao. Lakini twiga aliwatengeneza, kwa kuwa twiga ndio walionunuliwa.

Alikuwa na sharti moja katika kazi yake: hakupaka rangi. Kila rangi ilitoka kwenye chuma chenyewe, kwenye kutu, kwenye moto, kwenye kile chuma kilichokuwa kabla hajakiokota. "Rangi ya kopo ni uongo," alisema. "Hata maiti hupakwa rangi."

Majira ya baridi aliegesha nyuma ya duka la mazulia lililofungwa. Mwenye jengo alimruhusu alale pale awe kama mlinzi, ila alimkataza cheche, baada ya majirani kulalamika. Kwa hiyo Anatoli alitoa meza ya kulia ndani ya gari, akaweka meza ya chuma, na akawa anachomelea humohumo, kitanda kiko hatua mbili nyuma yake. Kukiwa na upepo alifungua dirisha. Kukiwa na mvua au baridi alilifunga.

Benadetha alikuwa amesikia kikohozi chake kikibadilika. Mwaka uliopita kilikuwa kikohozi cha mtu aliyepaliwa. Mwaka huu kilikuwa kama mtu anayeburuta kabati. Alitaka jambo moja tu, kaka yake atoke kwenye lile gari akiwa hai. Alimwandalia chumba kidogo, akanunua godoro. Wakabishana majira yote ya baridi, naye Anatoli mwishowe akakubali, kwa namna yake.

"Haya, Bena. Nina maonyesho ya Virginia, Jumamosi baada ya Pasaka. Kuna mama mmoja mwenye bustani anataka korongo wawili, wale wenye taji. Nikishawauza nahamia kwako, na huyo daktari wako nitamwona."

"Apa."

"Naapa kwa godoro lako jipya."

Korongo taji ni ndege wa kwao. Benadetha aliwakumbuka wakishuka kwenye mashamba ya ngano ya Ufipa, na ule ushungi wa dhahabu kichwani umesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka. Korongo wa chuma walikamilika mapema, miguu, shingo na mabawa. Taji likamshinda. Shaba ilikuwa nyekundu mno, na rangi alikwishaikataa. Wiki mbili ndege wale walisimama vipara kwenye meza.

Aliyemtoa katika shida ile ni rafiki yake Gichuki, Mkenya wa Nyeri aliyefanya kazi kwenye yadi ya vyuma chakavu. Alikuja na kisanduku cha pini na bolti za zamani, zilizotoka kwenye stoo ya vipuri vya eropleni iliyofungwa. Zilikuwa za njano, njano inayogeukageuka kwenye mwanga, kama mafuta juu ya maji.

"Fundi, cheki hii dhahabu," Gichuki alisema. "Nimekuletea kabla waitupe. Ukitajirika usijifanye hunijui."

Anatoli alichukua pini moja, akaigeuza dirishani. "Gichuki, wewe ni mwizi au malaika?"

"Mimi ni Mkikuyu, bana. Chagua mwenyewe."

Alhamisi, siku mbili kabla ya maonyesho, mvua ilinyesha kutwa nzima. Anatoli alikunywa maziwa yake, akafunga dirisha, akawatia korongo wake mataji, pini baada ya pini.

Alasiri alimpigia dada yake. "Bena, homa ya mzee imenifuata mpaka huku."

Benadetha alivuka mto kwa basi. Alimkuta amejikunja chini ya mablanketi, meno yanagongana, na ndani ya gari mna harufu ya moshi wa chuma, harufu ya uani kwa baba yake. Ndege wawili walisimama mezani na mataji yao. Walikuwa wazuri mno hata akawatazama kabla ya kumtazama mgonjwa.

"Umechoma nini leo?"

"Taji la mfalme. Acha maswali, dada nesi, chemsha maziwa."

"Mimi si nesi. Mimi naogesha wazee."

"Basi umepata mzee mwingine. Ila huyu anaoga mwenyewe."

"Mara ya mwisho lini?"

Anatoli alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Kifua kinabana kidogo. Na ile ladha ya sarafu. Ni ileile, Bena, unaijua."

Aliijua. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Wazee wake aliwapima kila siku, hata waliokuwa wakiimba. Mgonjwa mwingine yeyote angetetemeka hivi mbele yake, angempima kwanza, kisha angepiga simu kuita gari la wagonjwa, bila kufikiri. Lakini huyu hakuwa mgonjwa wa kazini. Alikuwa kaka yake, na ugonjwa ulikuwa wa nyumbani, una jina, una dawa, na tangu utotoni hakuwahi kuuona ukimuua mtu. Mkoba ulibaki umefungwa. Alichemsha maziwa, akamshika kichwa, akamnywesha, akamfunika, akamsugua miguu kama mama alivyokuwa akimsugua baba.

Na asubuhi Anatoli aliamka. Homa ilikuwa imekwisha. Uso ulikuwa umesawajika, lakini alisimama, akapiga mswaki, akamwambia dada yake kwamba foleni ya kuzimu bado ni ndefu. Wakacheka wote wawili. Benadetha alitaka kubaki, Anatoli akamfukuza. "Nenda kwa wazee wako. Gichuki anakuja kunisaidia kupakia. Kesho nauza, kesho kutwa nakuja kulikojolea godoro lako."

Akaenda na moyo mwepesi. Hicho ndicho anachoshindwa kukisamehe hadi leo, kuliko hata maziwa: kwamba siku ile, ndani ya basi, alikuwa na furaha. Alipanga mahali pa kuweka viatu vya kaka yake.

Gichuki alifika mchana akamkuta Anatoli ameketi kwenye ngazi ya gari, mikono juu ya magoti, anavuta pumzi kwa mabega. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Alimwita mara kadhaa. Anatoli alimtazama akainua kidole kimoja, kama mtu anayesema ngoja kidogo, niko kwenye simu. Gichuki hakungoja.

Hospitali, Benadetha akiwa amekwisha kuitwa, daktari mmoja kijana, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliuliza mgonjwa alikuwa akichoma nini. Gichuki alikuwa na pini moja mfukoni, aliibakiza kwa kuipenda. Daktari aliitazama muda mrefu bila kuigusa, akaenda kupiga simu, akarudi. Alieleza kwamba ile njano haikuwa zinki. Vipuri vya zamani vya ndege vilipakwa madini mengine yanayoitwa kadimi ili visishike kutu, na moshi wake huanza kama homa ile wanayoijua mafundi wote, hutulia, humpa mtu matumaini, kisha mapafu huanza kujaa maji.

"Alikunywa maziwa," Benadetha alisema, na hakujua kwa nini anasema.

"Maziwa huenda tumboni," daktari alijibu. Hakusema kwa ukali. "Hayafiki kwenye mapafu."

"Na kama ningemleta jana?"

Daktari alifunga kalamu yake, akaifungua. "Tungempa oksijeni mapema. Zaidi ya hapo, sijui. Kusema kweli, sijui."

Gichuki alitoka nje, akasimama kwenye korido akiutazama ukuta. "Mimi ndio nilimletea," alisema. "Ni mimi, dada. Nilidhani ni zawadi." Benadetha alimshika mkono, kwa sababu alihitaji kushika kitu.

Jumapili madaktari walisema amechoka kupumua. Watamlaza usingizi, mashine impumulie. Alilazwa, hakuamka tena. Wakati huo mwenye jengo alikuwa ameita gari la kuvuta, na nyumba ya matairi ikapelekwa yadi ya polisi na kila kilichokuwamo. Gichuki alihangaika mpaka akawatoa korongo. Yule mama mwenye bustani alikwisha kununua mbuni wa chuma kwa fundi mwingine. Ndege wale wamo kwenye gereji ya Gichuki mpaka sasa, chini ya turubai, na hakuna anayejua afanye nao nini. Kuwauza ni vibaya, kuwatupa ni vibaya zaidi.

Kwenye matanga, katika ukumbi wa kukodi kule Langley Park, watu walikaa kwenye viti vya plastiki wakala wali, na wanawake walimzunguka Benadetha wakimuuliza kile ambacho kwetu huulizwa siku zote. Mama Honorata, mkubwa wao, ndiye aliyethubutu kwanza. "Mwanangu, marehemu aliacha neno gani? Aliagaje?" Kwa maana mtu akifa ugenini, neno lake la mwisho ndilo linalosafirishwa nyumbani, hata mwili usiposafiri. Sumbawanga nako walikuwa wakilisubiri.

Benadetha alijibu kwamba kaka yake aliwasalimu wote, akaomba wamwombee. Wanawake wakaitikia, wakafuta machozi, wakaridhika. Ndivyo alivyowaambia wa Sumbawanga pia.

Haikuwa hivyo. Jumapili ile, kabla ya kumlaza usingizi, madaktari waliwapa dakika chache wawili hao. Jua la asubuhi liliingia dirishani. Benadetha alimwinamia kaka yake, akaweka paji la uso juu ya paji lake, akaanza Salamu Maria, akakosea maneno, akaanza upya. Alitaka kumwambia kuhusu chumba, kuhusu maziwa, kwamba amsamehe, yote kwa pamoja, na hakuna lililotoka isipokuwa sala. Anatoli alifumbua macho. Akainua kinyago cha oksijeni kwa dole gumba, na Benadetha akanyamaza, akatega sikio, akajua sasa anaachiwa wosia.

"Sogea kidogo, Bena," Anatoli alisema. "Unaniziba hewa."